Mkuu wa kituo asema uhalifu umepungua. Tutajuaje?

"Mimi ni katibu wa kamati ya usalama ya mtaa wetu, upande wa Kisauni, Mombasa. Kwenye baraza la mwezi uliopita mkuu wa kituo alitusomea hesabu: ripoti za wizi zimeshuka, waliokamatwa wameongezeka, kwa hivyo kazi inafanyika. Watu waliguna. Hapa kwetu simu zanyakuliwa kila jioni, na vijana wa mapanga hawajahama. Baadhi ya wanakamati wanataka twende kituoni tufungue vitabu tuone wenyewe. Wengine wasema tutajitia matatani. Je, raia ana haki ya kukagua kituo cha polisi? Na kituo kinachofanya kazi hutambulikaje?"

Ndugu katibu, umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la pili. Mkijua mnachotafuta, lile la haki litakuwa jepesi, kwa sababu sehemu kubwa ya mnachokihitaji haimo ndani ya kituo. Imo mitaani kwenu.

Kwanza hizo hesabu. Huenda afande hakusema uongo hata kidogo. Ripoti za wizi hushuka kwa sababu mbili zisizofanana: wizi ukipungua, au watu wakichoka kuripoti. Daftari la kituo haliwezi kuzitenganisha. Mtu aliyenyakuliwa simu hupiga hesabu: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, saa mbili kwenye benchi, kuambiwa "njoo kesho, afisa anayehusika hayupo", pengine na kitu kidogo cha kulainisha mambo. Simu yenyewe haitarudi. Anabaki nyumbani, na kituo kilichomchosha kinajipatia takwimu nzuri. Kinyume chake pia hutokea. Kituo kikianza kuaminika, ripoti hupanda kwa miezi kadhaa, hasa zile za kupigwa nyumbani na za ubakaji ambazo watu walikuwa wamezifungia ndani. Dawati la jinsia, lile linalopokea kesi za namna hiyo, likionyesha ongezeko, msikimbilie kusema mtaa umeharibika.

Wingi wa waliokamatwa ndio kipimo dhaifu kuliko vyote. Msako wa Ijumaa usiku ni kama juya: hukokota kila kitu, na kesho yake kinachobaki ufukweni ni kidogo. Kukamata ni shughuli, na matokeo yake huonekana mbele: wangapi walifikishwa mahakamani, kwa kosa gani, na kesi ziliishaje. Ijumaa nayo ina siri yake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, wala si zaidi ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, anaweza kungoja hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Wa Ijumaa usiku analala seli hadi Jumatatu. Jamaa zake wanalijua hilo, na katikati ya siku hizo ndipo bei ya kutoka huzungumzwa. Kituo ambacho watu wengi huingia Ijumaa na kutoka Jumamosi bila shtaka, bila dhamana iliyoandikwa, kina maswali ya kujibu.

Kuna njia ya tatu ambayo uhalifu hupungua nayo, na hii ni ya kalamu. Kijana ananyang'anywa simu na watu wawili wenye panga. Chini ya sehemu ya 296(2) ya Kanuni ya Adhabu huo ni wizi wa mabavu: silaha ya hatari inatosha, na hata bila silaha, kuwa zaidi ya mmoja kunatosha. Anafika kituoni, na kwa kuwa anachokitaka sana ni kurudisha laini yake, anaandikiwa abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuonyesha ameripoti, kwamba "amepoteza" simu. Anaondoka ameridhika na karatasi yake. Kosa zito kabisa limegeuka kuwa simu iliyodondoka mfukoni. Hili mnaweza kulipima bila ruhusa ya mtu. Waombeni majirani abstrakti zao za mwaka mmoja, msome neno lililoandikwa, kisha mwulize kila mmoja kilichotokea. Katika 20, zikiwa 8 zinasema "lost" na wenyewe wanasimulia panga, mmepata jambo ambalo hakuna hotuba ya baraza itakayolifunika.

Sasa kipimo chenyewe. Ningewashauri msipime kituo kwa ujumla wake. Fuateni ripoti moja, kutoka kaunta hadi inapoishia, kisha nyingine, kisha nyingine. Safari yake ni hii: mlalamishi anafika kaunta, ripoti inaingizwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, anapewa namba, kesi inakabidhiwa mpelelezi, mashahidi wanaandika taarifa, faili linafunguliwa, linapelekwa kwa mwendesha mashtaka ambaye ndiye huamua kama kuna kesi, mshtakiwa anasomewa mashtaka, mashahidi wanaitwa, hakimu anaamua. Ripoti hufa kwenye viungo, pale inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Pale kaunta: "eleza tu, tutaandika baadaye." Kwa mpelelezi: amehamishwa na faili halikukabidhiwa mtu. Mahakamani: shahidi hakupewa samansi, kesi ikaondolewa. Ukijua kiungo kinachokatika, unajua cha kuomba. Mtaa unaolia kwamba polisi hawafanyi kazi hujibiwa kwa ahadi, lakini mtaa unaosema "katika ripoti 30, 19 hazina mpelelezi anayejulikana" hulazimisha mtu afungue kabati la mafaili.

Namba ya OB yenyewe husema mengi kwa anayeijua. Namba kama 37/14/6/2025 maana yake ni ingizo la 37 la tarehe 14 Juni 2025. Usiku wa manane hesabu huanza upya. Kila namba ina saa yake. Kwa hiyo mtu aliyeripoti saa nne asubuhi akipewa namba 12, na mwingine siku hiyohiyo saa kumi na mbili jioni akipewa namba 15, kwa saa nane kituo kimeandika mambo matatu tu baada ya yule wa kwanza. Kumbukeni OB haiandiki malalamiko peke yake. Huandika pia kubadilishana zamu, doria inapotoka na kurudi, ukaguzi wa seli. Pengo dogo namna hiyo katika kituo chenye watu wengi ni dalili kwamba kuna mambo yanayopita kaunta bila kuandikwa. Naliita dalili, si ushahidi, maana trafiki huwa na OB yao. Na mtu asiyepewa namba kabisa hesabuni kwamba hajaripoti, hata kama alikaa pale hadi adhana ya alasiri.

Fanyeni uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Nyumba 60 zatosha kwa kuanzia, ila zichaguliwe kwa mpango: anzeni mwisho mmoja wa mtaa, hesabuni kila nyumba ya tano, msiruke ile ya jirani mnayegombana naye. Msiwaite wenye malalamiko waje kwenu, kwa sababu watakaokuja ni wenye hasira, na afande atalisema hilo dakika ya kwanza. Maswali yawe machache: tangu Ramadhani iliyopita, kuna mtu wa nyumba hii aliyeibiwa, kuvamiwa au kupigwa? Aliripoti? Kama hakuripoti, kwa nini? Alipewa namba ya OB? Aliitwa kuandika taarifa? Aliombwa pesa, na ya nini? Alipata habari yoyote baadaye? Ni bora kutaja Ramadhani au kufunguliwa kwa shule kuliko kusema "miezi sita iliyopita", maana mtu aliyeumizwa huvuta tukio la mwaka juzi akalileta karibu bila kukusudia. Ubakaji na mambo ya watoto msiyaulize mlangoni. Hayo yana watu wake.

Tuseme kati ya nyumba 60, 18 zilipatwa na jambo, 7 zikaripoti, 5 zikapewa namba, 2 zikasikia tena kutoka kwa mpelelezi. Hapo mnajua kwamba kitabu cha kituo hakioni zaidi ya nusu ya yanayowapata. Hamjui bado kama uhalifu umepanda au umeshuka. Hilo linataka mrudi baada ya miezi sita na maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale. Kamati nyingi hushindwa hapa: duru ya kwanza yafanywa kwa moto, ya pili haifanywi.

Mkipima muda wa polisi kufika baada ya kupigiwa simu, jihadharini na wastani. Wakifika baada ya dakika 10, 12, 15, 20 na 180, wastani ni dakika 47, na hakuna aliyengoja dakika 47. Zipangeni kutoka ndogo hadi kubwa mchukue ya katikati, ambayo ni 15, halafu ile ya 180 mwiulizie peke yake: ilikuwa usiku? Gari lilikuwa wapi?

Nije kwenye haki. Hapana, raia hana haki ya kuingia kituoni na kufungua OB, daftari la seli au stoo ya vielelezo, na nisingependa awe nayo. Vitabu hivyo vina jina la mama aliyempeleka mumewe, la mtoto aliyedhulumiwa, la aliyewapa polisi habari za genge. Mkivifungua ninyi leo, kesho atavifungua mwenye nia nyingine. Wenzako waliosema mtajitia matatani walikuwa na haki.

Wenye mamlaka ya kukagua wapo. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliundwa kwa Sheria nambari 35 ya 2011, na moja ya kazi zake ni kukagua majengo ya polisi pamoja na seli. Ina ofisi hapa Mombasa. Watu wengi huidhani ni ya kesi za risasi tu. Ndani ya huduma ya polisi yenyewe kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani, kilichowekwa na sehemu ya 87 ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Hiki hufaa zaidi kwa nidhamu ya afisa mmoja mmoja: hongo, lugha chafu, faili lililopotea. Udhaifu wake waujua mwenyewe, polisi wanachunguza polisi, lakini sheria inaipa IPOA kazi ya kuangalia jinsi kitengo hicho kinavyochunguza, kwa hiyo nakala ya barua iende kote kuwili. Sheria hiyohiyo ya 2011, sehemu ya 41, inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya polisi ya kaunti, chini ya gavana au waziri wake, yenye wawakilishi wa raia, ikiwa na kazi ya kupendekeza malengo ya utendaji wa polisi na kuyafuatilia. Kaunti nyingi zimelaza damu katika jambo hili. Kuiandikia kaunti barua mkiuliza nani anawakilisha wakazi wa Kisauni hakugharimu kitu.

Wakaguzi wenyewe wakifika huanzia seli, nanyi mjue kwa nini. Jedwali la Tano la sheria ya polisi limeweka mambo ya kupimika: usafi, mwanga wa kutosha, choo na mahali pa kunawa, wanawake mbali na wanaume, watoto mbali na watu wazima. Linataka pia rekodi ya kila aliyekamatwa: jina, sababu, tarehe na saa ya kukamatwa, afisa aliyemkamata, saa ya kufikishwa mahakamani, na akihamishwa, lini na wapi. Mkaguzi mzuri huhesabu vichwa ndani ya seli, kisha huhesabu majina daftarini. Zikitofautiana, mengine yote husubiri. Halafu hulinganisha saa ya kukamatwa na saa ya kuandikwa. Kijana aliyechukuliwa maskani saa moja jioni ya Ijumaa akaandikwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi amepotea kwa saa kumi na moja, na zile saa 24 za Katiba huanza alipokamatwa, si kalamu ilipogusa karatasi. Hapa ninyi mna ushahidi ambao mkaguzi hana: mama aliyempelekea mwanawe chakula anakumbuka saa ngapi aliambiwa "hayupo hapa". Mwandikieni maneno yake mapema, kabla hayajachanganyika na ya majirani.

Kuna mambo ya wazi ambayo mtu yeyote anayefika kaunta anaweza kuyaona bila kuomba. Mkataba wa huduma umebandikwa? Wasomeka, au umefunikwa na kalenda? Kuna mtu dawati la jinsia saa mbili usiku, au lina kufuli? Fomu ya P3 (ile daktari hujaza kueleza majeraha), abstrakti na dhamana ya polisi ni bure; je, wananchi wanaambiwa "fomu zimekwisha, katoe kopi pale nje"? Dhamana ya pesa taslimu nayo hutolewa risiti na hurudishwa kesi ikiisha. Aliyelipa bila risiti hajalipa dhamana, ametoa pesa tu.

Takwimu zenyewe ombeni kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali maombi kwa Kiswahili, na inatoa siku 21 za kujibiwa, au saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Barua isainiwe na raia mmoja kwa jina na namba ya kitambulisho, kwa sababu kamati isiyosajiliwa si mtu mbele ya sheria. Ielekezwe kwa kamanda wa polisi wa kaunti. Msiombe majina wala mafaili ya kesi zinazoendelea, mtanyimwa kwa haki. Ombeni idadi, mwezi kwa mwezi kwa miezi 12: ripoti za wizi wa mabavu, zilizopewa mpelelezi, zilizopelekwa kwa mwendesha mashtaka, walioachiliwa bila shtaka, P3 zilizotolewa. Mkinyimwa au mkinyamaziwa, Tume ya Haki za Utawala, ile waitayo Ombudsman, hupokea rufaa, ndani ya siku 30 tangu mlipojulishwa uamuzi.

Kwa upande wa mahakama, kesi nyingi za kwenu huishia Shanzu. Ulizeni kuhusu kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, mwendesha mashtaka na polisi huketi meza moja. Pale mnaweza kuuliza kesi za kituo chenu huishaje. Zikiondolewa sana chini ya sehemu ya 87(a) ya sheria ya mwenendo wa jinai, upande wa mashtaka hauko tayari, ingawa mtu aweza kushtakiwa tena. Washtakiwa wakiachiliwa chini ya 202, mlalamishi hakufika, na swali ni nani alipaswa kumjulisha. Wakiachiliwa chini ya 210, ushahidi uliofika haukutosha hata kumfanya mshtakiwa ajitetee, na hapo upelelezi wenyewe ndio wa kuangaliwa.

Muwe waadilifu pia. Mtasikia uwiano wa afisa mmoja kwa watu 450, unaotajwa kila mara kama kipimo cha Umoja wa Mataifa. Uwekeni kando. Hauwaambii ni wangapi wako zamu saa tisa usiku baada ya kutoa wa mahakamani, wa benki, wa kulinda wakubwa na walio likizo. Mwulizeni mkuu wa kituo hivyo, ana kwa ana: zamu ya usiku ina watu wangapi, magari mangapi yanatembea, mafuta hutosha siku ngapi za mwezi. Asipoweza kufika kwa sababu gari limekaa juu ya mawe, barua yenu iende kwa aliye juu yake, na yeye mwenyewe huenda akawasaidia kuiandika. Asipotaka, hiyo ni barua nyingine. Kuzichanganya barua hizi mbili kunawaudhi maafisa wanaojitahidi na kuwapa kichaka wasiojitahidi.

Mitego mingine ni yenu wenyewe. Mwanakamati mwenye kesi kituoni asishike kalamu ya uchunguzi. Jina la afisa lisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: mkikosea ni kashfa, mkipatia mmemwonya. Orodha ya majibu iwe na namba badala ya majina, na ufunguo wa majina ukae kwa mtu mmoja, nje ya simu.

Na yapo mambo ya kuondoa mikononi mwa kamati siku hiyohiyo. Mtu akifa au kuumizwa vibaya mikononi mwa polisi, akitoweka baada ya kukamatwa, au mmoja wenu akitishwa kwa sababu ya kazi hii, msisubiri dodoso. Aliyeumia apelekwe hospitali kwanza, rekodi ya daktari itunzwe, nguo zisifuliwe, kisha nendeni IPOA kwa miguu yenu, pamoja na wakili au watu wa mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI au HAKI Africa, ambao wako hapahapa Mombasa na wanazijua njia hizi. Kwa anayetafutwa na hajulikani alipo, wakili aombe mahakama iamuru aletwe mbele yake. Ombi hilo halingoji siku 21.

Hayo yasipokuwepo, anzeni na abstrakti. Ni kazi ya jioni mbili. Barua ya takwimu ipelekeni na nakala yake, ipigwe muhuri na tarehe mbele yenu, mrudi na nakala hiyo, maana siku mtakazozihesabu ni tangu ilipopokelewa.